Iweke Barazani Kwanza

9 Januari

Mwanangu mpenzi,

Hujambo huko kwenye baridi? Kile kifua kimeachia? Mimi ni mzima. Magoti tu ndiyo yanalalamika ninapopanda ngazi, lakini sijawahi kuyasikiliza na sitaanza leo. Mjomba wako anakusalimu sana. Mshonaji wa chumba cha pili naye anakusalimu, ingawa mimi siku hizi ananiitikia kwa shingo upande, kwa sababu nitakayokueleza.

Naandika barua, sipigi simu, kwa sababu unajua wewe na mimi kwenye simu hatufiki mwisho bila mmoja kumkatia mwenzake. Kwenye karatasi utanisikiliza mpaka nimalize.

Sasa kaa vizuri. Nimepata uwakala! Kampuni yenu, hiyo hiyo unayoifanyia kazi, imenikubali niwauzie zile skrini zao mpya za nje, za kuwekwa mahali penye jua. Hawakumpa mshindani wangu Bwana Ghorofa na duka lake la vioo vitupu. Wamenipa mimi, niliyeanza na redio mbovu juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alikuja kunipongeza, uso umemkunjamana kama mtu aliyelamba ndimu. Nikamkaribisha chai. Hakunywa.

Wala sikuwaambia hao wakubwa wako kwamba wewe ni binti yangu. Sitaki mtu aseme nimebebwa.

Nimebomoa ukuta kati ya duka na chumba cha mshonaji ili skrini zipate nafasi. Mshonaji amehamia chumba cha nyuma, hakuna dirisha la maana, na ndiyo maana ya ile shingo. Nimemwahidi taa nzuri. Mteja wa kwanza tayari ninaye: hospitali yetu ya mtaa. Unalijua lile baraza la wagonjwa wa nje, jua la mchana linapowapiga watu usoni. Watafunga skrini pale zionyeshe namba ya anayeingia kwa daktari. Sasa hivi muuguzi mkuu anaita namba kwa mdomo mpaka sauti inamkauka, na asiyesikia vizuri anapitwa na zamu yake, arudi kesho.

Kuna jambo moja halinipendezi. Mkataba unasema boksi lisifunguliwe dukani, lifike kwa mteja na muhuri wake. Na wewe unajua sisi hapa kitu hakiuzwi kabla hakijakaa barazani. Asubuhi kinawashwa, kinakula jua na vumbi na maneno ya wapita njia mpaka tunafunga duka, ndipo kinauzwa. Mtaa mzima unauliza "Imekaa barazani?" kabla ya kuuliza bei. Hizi hazitakaa. Nimesema potelea mbali, kampuni kubwa kama hiyo inajua inachofanya.

Wanasema watatuletea video ya kuwaonyesha wateja, na mtaalamu anayezipima kwa joto ndiye atakayezungumza. Si ndiwe huyo? Nimeshawaambia watu wote. Nimewaambia hata wasiouliza. Tafadhali vaa koti jeupe safi, siyo lile la kwenye picha uliyonitumia, lina madoa kama aproni ya mpishi. Watu wataniuliza kama nilikufundisha kufua.

Halafu nieleze kwa lugha ya dukani, ndani ya hizi skrini mna nini hasa? Wateja wananiuliza, nawajibu "mna vioo na umeme," wananicheka.

Mimi mama yako mwenye uwakala


2 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Kifua kimeachia, nashukuru kwa kuniulizia. Huku theluji imefika mlangoni na naishi kwa chai. Pole na magoti. Mwambie mshonaji nampa pole zaidi yeye.

Nianze na ulichouliza. Katikati ya vioo viwili vyembamba mna tabaka la kitu cha ajabu, wataalamu wanakiita fuwele kimiminika. Kinatiririka kama mafuta, lakini chembe zake ni ndefu na zimejipanga, zote zinatazama upande mmoja, kama watu kwenye foleni. Nyuma yake mna taa inayowaka muda wote. Umeme ukigusa, chembe zinageuka. Pale zinaupa mwanga njia, pale zinauzuia. Picha yote unayoiona ni hizo foleni zinageuka, basi.

Ila foleni hiyo ina kikomo cha uvumilivu. Joto likizidi, kila chembe inatazama inakotaka, foleni inavunjika na kile kitu kinakuwa kimiminika cha kawaida tu. Mwanga haupiti tena. Skrini inakuwa nyeusi tii. Ikipoa, chembe zinajipanga upya, picha inarudi, na utadhani hapakuwa na neno. Kila mchanganyiko una kikomo chake. Ule wa kustahimili jua upo, tena ni mzuri, lakini ni ghali kuutengeneza.

Na sasa Mama, nakuomba usiikunje barua hii kabla ya kumaliza.

Soko la skrini limebadilika. Viwanda vimekuwa vingi, kila kimoja kinashusha bei kumwua mwenzake, na wenye pesa wanataka zile mpya zinazowaka zenyewe bila taa ya nyuma. Kampuni yangu inataka kuhamia huko. Kwenye matangi wamebakiwa na mchanganyiko wa bei rahisi, uliokusudiwa skrini za ofisini, kwenye viyoyozi. Badala ya kuumwaga, wameutia kwenye skrini zenye fremu nene na kuziandika "za nje." Hizo ndizo zinazokuja kwako.

Nimezipima mwenyewe kwenye kabati la joto. Niliweka joto ambalo skrini inalipata ikikaa juani mchana wa kwetu. Zilizimika zote. Nikabadilisha kabati nikidhani kosa ni langu, zikazimika tena. Nilimpelekea meneja wa masoko matokeo. Hakuyapinga. Alisema, "Huko watu wamezoea shida, watasubiri ipoe."

Huko, Mama, ni kwetu. Ni lile baraza la hospitali.

Kweli wanataka nizungumze kwenye video. Nisimame na koti langu niseme zinastahimili jua. Nimewaambia sisemi. Walipouliza mara ya pili nikajibu vile vile, kwa sauti iliyopanda kidogo. Umenilea wewe.

Nakuuliza kitu kimoja tu. Umeziweka barazani?

Mwanao


20 Februari

Wewe,

Hujambo. Mimi sijambo, ila wewe huna shukrani.

Nimesoma barua yako mpaka mwisho kama ulivyoomba. Nimeisoma nimesimama mahali palipokuwa na ukuta. Unajua ukuta ukibomolewa haurudi kwa kusema samahani? Boksi zimejaa mpaka darini. Hospitali inanisubiri. Mtaa mzima unasubiri kuona sura yako kwenye video, mjomba wako ameshachagua kiti atakachokalia. Na wewe unaniletea habari za chembe na foleni!

Nakujua tangu utotoni. Redio ya jirani ilikuwa inaimba vizuri, ukaifungua kwa sababu ulisikia "kitu kinakwaruza." Nani mwingine alisikia? Hakuna. Tangu hapo kila kizima kwako kina kasoro. Hao wakubwa wako wana maprofesa, wana mashine, wana majengo marefu, wote hawaoni, unaona wewe tu!

Na usinifundishe baraza. Baraza nimelianzisha mimi. Mkataba umekataza kufungua boksi na mimi nimekubali kwa mdomo wangu. Neno langu nikishalitoa nimelitoa.

Utasimama kwenye hiyo video. Utavaa koti safi. Utasema wanachotaka useme, kisha mambo ya kabati lako utayamaliza huko huko na hao mabosi wako bila kunimwagia mchanga kwenye kitumbua changu. Kama umekataa, usiniandikie kwanza. Nina kazi nyingi.

Mama yako


11 Machi

Mama,

Shikamoo. Natumaini magoti yanaendelea vizuri na hasira nazo zinaendelea vizuri.

Nimekataa.

Wamenitoa maabara. Nilipelekwa ghala la kufungashia, na unajua kazi niliyopewa? Kubandika lebo zinazosema "Inastahimili jua kali" kwenye maboksi. Nadhani walijiona wajanja sana. Nilibandika ya kwanza upande wa nyuma wa kiti cha msimamizi, nikaweka gundi chini. Sasa nafagia vipande vya vioo. Ni kazi ya heshima na vioo havisemi uongo, vinakukata waziwazi.

Redio ile ya jirani, Mama, ilikuwa na waya uliolegea. Ilikaribia kuwaka moto. Ulimwambia jirani mwenyewe, na ulinipa soda.

Sitasema neno zaidi. Ila baraza.

Mwanao


30 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo. Umenyamaza sana. Nimeuliza kwa mjomba, amenijibu kwa sentensi moja: "Mama yako anakula na anafanya kazi." Nimefurahi kwa hilo.

Theluji imeyeyuka. Bado nafagia. Nasikia video imeshatengenezwa na kutumwa kwa mawakala, na mimi simo. Sijui wamemsimamisha nani.

Sikuandikii ubadili mawazo. Nakuandikia kwa sababu siwezi kukaa bila kujua umeamkaje. Unaweza kunikasirikia na kunijibu kwa wakati mmoja, una uwezo huo, nimeuona.

Mwanao anayekukumbuka


19 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Mikono haijakatwa na hivyo vioo? Vaa glavu, na kama hawakupi waambie mama yako anauliza glavu ziko wapi. Mimi ni mzima. Nimeungua shingo na jua lakini ni raha tupu.

Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na hasira, na hasira yangu unajua haina haraka. Nilikuwa nikisema moyoni, huyu mtoto ataandika aombe radhi. Hukuandika hivyo. Ukaniandikia habari za waya na soda. Nilitaka kuichana barua, nikaikumbuka ile soda.

Kisha video ikaja. Watu wakajaa dukani, mjomba wako kwenye kiti chake mbele kabisa. Akatokea bwana mmoja, sura nzuri, meno yote yamepangika, koti jeupe. Anasema skrini hizi ni rafiki wa jua. Watu wakanigeukia: "Binti yako yuko wapi?" Mimi macho yangu yalikuwa kwenye lile koti. Mikunjo ya kwenye pakiti bado ilikuwa inaonekana, mraba mraba, kifuani mpaka mgongoni. Yule mtu hajawahi kumwagikiwa na kitu maishani mwake! Hajafungua hata chupa. Nikaanza kucheka, nikacheka mpaka mshonaji akaja kutoka chumba cha nyuma kuniangalia. Alipoliona koti naye akasema, "Hilo halijavaliwa hata asubuhi moja." Fundi wa nguo huyo, anajua.

Basi kesho yake nikachukua kisu nikakata muhuri. Ndiyo, nilitoa neno langu kwamba sitafungua. Lakini na wao walitoa la kwao, na nikaona la kwao ndilo lililotangulia kuoza. Nikaiweka skrini juu ya meza ya barazani, nikaiwasha, nikakaa pembeni yake na mwavuli.

Asubuhi iling'aa, sikufichi. Rangi zilikuwa nzuri mpaka nikaanza kutunga maneno makali ya kukuandikia. Wapita njia wakawa wanasema, "Leo imekaa barazani!" kama tulivyozoea. Jua lilipofika utosini, pakatokea doa jeusi katikati. Nikalifuta kwa kitambaa nikidhani ni uchafu. Halikufutika. Likatambaa taratibu, likaila picha kutoka katikati kwenda pembeni, mpaka kikabaki kioo cheusi nikajiona mimi mwenyewe na mwavuli wangu. Ilikuwa inaunguruma ndani, umeme upo, lakini picha hamna. Watu wakasogea karibu. Mimi nilisimama tu pale nikisema, "Foleni imevunjika. Foleni imevunjika." Wakadhani jua limeniingia kichwani.

Jioni ikarudi kama ulivyosema, kama haikutenda lolote.

Nikawapigia. Wakamtuma afisa mauzo wao wa huku, kijana wa viatu vinavyolia. Alifika imeshapoa. Akaitazama, akasema, "Mama, mbona nzima? Hakuna hitilafu hapa."

Nikamwambia, "Kesho njoo asubuhi."

Akasema ana ratiba. Nikamwambia ratiba yake ni mimi. Alikuja, sijui kwa nini alikuja, nadhani aliniogopa. Nikamwekea kiti kando ya skrini, juani. Nikamwambia, "Wewe na yeye mkae, tuone nani anaondoka kwanza." Akavua koti. Akalegeza tai. Akaomba maji, nikampa, sisi si watu wabaya. Skrini ilipozimika alikuwa amefunikwa uso na leso. Nikamwuliza, "Hitilafu ipo au haipo?"

Akasema, "Mama, mimi nauza tu."

"Na mimi nauza," nikamwambia. "Ndiyo maana siuzi hii."

Nilipomtajia kikomo cha joto, akaniuliza nimejuaje. Hapo ulimi wangu ukanitangulia. Nikamwambia mpimaji wao wa joto, waliyemfanya mfagiaji, nimemzaa mimi. Najua nimekuponza. Ningeweza kuumeza huo ulimi, lakini nilikuwa nimechoka watu kudhani umeota ardhini.

Nilikwenda hospitali nikawaambia skrini zangu siwaletei. Muuguzi mkuu alisikitika, sauti yake ile imebaki ya kunong'ona. Nilimweleza lakini mkuu wake ameshaona video, na video ina koti. Uwakala wameniondolea. Wamempa Bwana Ghorofa, boksi zimehamishiwa kwake kwa gari lililopita mbele ya duka langu polepole, makusudi. Ile niliyoifungua hawakuitaka. Ipo hapa. Kila asubuhi naitoa barazani, na nimeandika kwa chaki juu ya meza: NJOO SAA SITA. Na wanakuja! Watu wanakuja na chakula chao kuitazama inavyozimika. Mmoja ameipiga picha na kuituma mtandaoni, sasa napigiwa simu na wenye maduka wa miji nisiyoijua wananiuliza, "Mama, wewe umeiwekaje?" Nawaambia mezani, juani, na uvumilivu.

Duka limebaki kubwa na tupu, nikikohoa nasikia mwangwi. Usinionee huruma. Nilikuwa naona aibu kumwona mshonaji, yeye akaniambia ukuta ule ulikuwa unamzibia hewa. Muongo mkubwa, lakini nimempenda.

Uliniuliza kama nimeziweka barazani. Nimeiweka.

Mama yako


14 Juni

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Hujambo na shingo yako iliyoungua? Mimi ni mzima wa afya, nimevaa glavu, nimekaa kwenye kiti laini kuliko kitanda changu.

Naandikia ofisini kwa meneja wa masoko. Yupo mbele yangu sasa hivi, ng'ambo ya meza, ananitazama ninavyoandika. Amenivutia kiti mwenyewe. Amenimiminia kahawa mwenyewe. Tangu nianze kazi hapa hajawahi kujua jina langu, leo ameniita kwa jina na akalipatia.

Wamejua wewe ni nani. Na wamejua mawakala wa miji mingine wameanza kutoa skrini juani kwa kukuiga wewe, na oda zinarudishwa. Kwa hiyo amenipa sharti. Nikikuandikia barua ya kukusihi uiondoe ile skrini ilipo, narudi maabara kesho asubuhi, kabati langu la joto, meza yangu karibu na dirisha, na mkataba mrefu. Nisipoandika, mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi na nafunga virago.

Nitakuambia ukweli, Mama, niliipenda ile meza. Kuna asubuhi unaweka tone la mchanganyiko mpya chini ya darubini, unalipasha joto kidogo kidogo, na rangi zinajipanga zenyewe, zambarau, dhahabu, kijani, kisha kwenye kikomo chake zote zinatoweka mara moja. Nimeliona mara nyingi na bado kila mara naacha kupumua. Kuna mchanganyiko wangu mwenyewe nilikuwa nakaribia kuupata, unaolistahimili jua na si ghali sana. Nitaumia kuuacha. Nimelia jana, leo sina tena machozi, nina hasira yako tu, ile isiyo na haraka.

Nimemwambia naandika. Amefurahi. Ameniletea karatasi nzuri yenye nembo ya kampuni, ndiyo hii uliyoishika, na amesema wataituma wao wenyewe kwa gharama zao, ifike haraka. Haelewi hata neno moja la lugha yetu. Kila ninapogeuza ukurasa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Akitaka kutafuta wa kumsomea atafute. Mpaka ampate, mimi nitakuwa kwenye ndege.

Basi Mama, sikia ombi langu, nimetumwa nikuandikie na mimi ni mtumishi mtiifu. Tafadhali iondoe ile skrini ilipo. Nimeiona kwenye picha. Umeiweka kona ya kushoto, na pale alasiri kivuli cha paa kinaifikia, inapoa mapema, watu wanaotoka kazini wanaikuta imeshapona. Isogeze mbele, karibu na barabara, jua liishike mpaka jioni. Na uielekeze upande wa hospitali.

Ameniuliza kama nimekusihi vya kutosha. Nimemwambia nimekusihi kwa moyo wangu wote.

Ni mimi mwanao mtiifu


3 Julai

Mwanangu,

Hujambo? Sijui barua hii itakukuta huko au mtapishana njiani. Mimi sijambo, na magoti leo yamenyamaza yenyewe.

Barua yako imefika, bahasha nene, stempu za fahari, nembo ya dhahabu. Nilidhani wananishtaki. Niliisoma barazani kwa sauti, mbele ya waliokuja na chakula chao, na nilipofika pale meneja anapotikisa kichwa, mjomba wako alianguka kwenye kiti chake, kiti kimevunjika. Wengine waliomba niirudie. Nimeirudia. Pale pa darubini sikuweza kupasoma kwa sauti. Nilipasoma peke yangu baadaye. Nimekulipisha ghali, mwanangu. Najua.

Nimeisogeza. Iko pembezoni mwa barabara, inawaangalia wa hospitali uso kwa uso.

Muuguzi mkuu alikuja mchana, na safari hii alimshika mkuu wake mkono kama anayempeleka mtoto sindano. Walisimama juani mpaka ikazimika. Mkuu wa hospitali alirudi zake, akaagiza boksi za Bwana Ghorofa zifunguliwe na zikae kwenye baraza la wagonjwa kabla ya kufungwa ukutani. Wagonjwa wenyewe ndio walioniletea habari. Zilikuwa zinaonyesha namba vizuri sana, kisha moja baada ya nyingine zikawa vioo vya kujitazamia. Zote zimerudishwa. Bwana Ghorofa amepita hapa leo, amesimama mbele ya meza, amesema, "Mama, ungeniambia." Nikamwambia, "Nilikukaribisha chai, hukunywa."

Namba bado zinaitwa kwa mdomo, na wasiosikia vizuri bado wanapitwa. Hilo halijaisha na silipendi. Kuna kampuni nyingine imenipigia, wanataka kuleta zao. Nimewauliza, mtaziacha boksi wazi? Wakacheka. Wakauliza ni nani atakayezipima hapo kwangu, mwenye duka la televisheni. Nikawaambia mpimaji wangu yuko njiani.

Kwa hiyo njoo. Kile chumba nilichokibomolea ukuta kinapata jua tangu asubuhi, na fundi wa majiko anaweza kukutengenezea kabati la joto, nimemwuliza, ameniuliza vipimo, nikamwambia subiri mwenyewe aje. Mchanganyiko wako njoo nao kichwani, huko hawana mamlaka ya kupekua.

Mshonaji alitaka kukushonea koti jipya jeupe la kufanyia kazi. Alishanunua na kitambaa. Nimemkataza, tumegombana, ameninunia tena. Njoo na lile lile lenye madoa, na usithubutu kulifua.

Mama yako